Ziwa Letu katika Vitabu na Sinema



Sisi tukaao ukingoni mwa Tanganyika, kutoka Makobola mpaka Baraka, twalijua ziwa hili kwa kazi zake. Twajua saa ya wavuvi kutoka usiku na taa zao, twajua upepo uvunjao mitumbwi, twajua mashua ziendazo Kalemie na zile zivukazo mpaka Kigoma. Lakini wako watu maelfu kwa maelfu, Ulaya na Marekani, ambao hawajaonja maji yake wala samaki wake, nao hulijua kwa njia nyingine kabisa. Wamesoma habari zake katika kitabu cha hadithi, au wamezitazama katika sinema. Kitabu hicho chaitwa The African Queen, na sinema ina jina lilo hilo. Wasemao Kifaransa huiita sinema hiyo L'Odyssée de l'African Queen.

Nyuma ya hadithi hiyo viko vita vya kweli, vilivyopiganwa hapa ziwani katika miaka ya 1914 hata 1916. Wanafunzi wetu wengi hutazama sinema za vita vya nchi za mbali, wala hawajui kwamba maji wanayoyachota kila asubuhi yamepata kuwa uwanja wa vita vya dunia. Basi leo twapenda kuweka mbele yenu vita vyenyewe, hadithi iliyotungwa, na sinema iliyofuata, ili kila mmoja aone vinapatana wapi na vinaachana wapi. Tena tutauliza swali moja, ambalo msomaji wa Kiafrika hana budi kuliuliza kila afunguapo kitabu cha vita: Nani alibeba mizigo?

VITA VYENYEWE

Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, ufuko wa magharibi wa ziwa ulikuwa chini ya Wabelgiji, na sehemu kubwa ya ufuko wa mashariki chini ya Wadachi, ambao leo twawaita Wajerumani. Mwenye meli zenye mizinga ndiye aliyekuwa bwana wa maji, maana aliweza kupeleka askari wake popote apendapo, na kumzuia adui asivuke. Tarehe 22 Agosti 1914 manowari ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji iitwayo Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Tangu siku ile Wadachi walitamba ziwani, wakiwa na Hedwig pamoja na chombo kidogo zaidi, Kingani.

Kisha wakapata meli ya tatu, kubwa kuliko zote, jina lake Graf von Götzen. Urefu wake wapita mita 70. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikasafirishwa baharini mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko mpaka Kigoma. Hapo iliungwa upya, ikashushwa majini mwezi Februari 1915. Baadaye ilipewa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika mto Rufiji mwezi Julai mwaka uo huo.

Mwaka huo wa 1915 mwindaji mmoja, John Lee, aliwaendea wakuu wa jeshi la majini mjini London akawapa shauri. Aliwaambia kwamba kuleta meli kubwa ni kazi ya siku nyingi, na adui atapata habari. Afadhali kuleta motaboti ndogo zenye mbio, zilizo tayari, na kuzipitisha nchi kavu mpaka ziwani. Shauri likakubaliwa. Zikatafutwa motaboti mbili, kila moja yapata mita 12, zikafungwa mzinga mdogo na bombomu. Mkuu wa safari, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou, yaani majina ya kitoto ya Kifaransa ya paka na mbwa. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna budi kucheka kidogo tusikiapo manowari ikijiita Mimi.

Zikaondoka Uingereza mwezi Juni 1915. Kwa meli zikafika Cape Town. Kwa gari la moshi zikafika Fungurume, katika Katanga, mahali reli ilipokomea siku zile. Toka Fungurume mpaka Sankisia ni kilometa 230 hivi, na katikati iko milima ya Mitumba. Ikabidi kukata njia mpya, kuangusha miti, na kujenga madaraja juu ya vijito na makorongo. Mashua zilipandishwa juu ya magurudumu, zikakokotwa kwa mashine za moshi, kwa maksai, na kwa kamba zilizoshikwa na mikono ya watu. Kazi hii ilianza katikati ya Agosti, ikaisha mwisho wa Septemba. Kisha zikapita kwa reli ndogo mpaka Bukama, kwa mto Lualaba mpaka Kabalo, na kwa reli tena mpaka Lukuga, karibu na mji wa leo wa Kalemie. Ilikuwa mwezi Oktoba.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Noeli, Kingani ilikuja kuchungulia. Mimi na Toutou zikatoka, na kwa muda mfupi tu Kingani ikapigwa, ikakamatwa, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 ikaja zamu ya Hedwig von Wissmann, nayo ikazama. Lakini Götzen ile kubwa haikupigana na motaboti hizo hata siku moja. Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia. Baadaye ndege za Wabelgiji zilitupa mabomu Kigoma, na jeshi la Kongo likawa linakaribia kwa nchi kavu. Wadachi walipoona hawana njia, walipaka mitambo ya Götzen mafuta mazito isishikwe na kutu, wakaizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916. Siku chache baadaye Kigoma ikatekwa, na tarehe 19 Septemba jeshi la Kongo likaingia Tabora.

HADITHI YA FORESTER

Miaka 19 baada ya mambo hayo, mwaka 1935, mwandishi Mwingereza C. S. Forester alitoa kitabu chake The African Queen. Hakuandika historia. Alitwaa mbegu ya jambo la kweli, yaani manowari ya Wadachi juu ya ziwa la Afrika na motaboti zilizoletwa kuipiga, akapanda mbegu hiyo katika shamba la mawazo yake. Ziwa lake lina jina la kubuni, na manowari ameiita Königin Luise. Mto wake una jina la Ulanga, jina la mto wa kweli nchini Tanzania, lakini Ulanga wa kweli hauingii katika ziwa letu.

Kisa chenyewe ni hiki. Rose Sayer, mwanamke Mwingereza, anaishi na kaka yake, mchungaji wa Kiprotestanti, katika misioni ya pembezoni. Vita vinapoanza, Wadachi wanakuja na kuwachukua watu wote wa kijiji, hawa wawe askari, hawa wawe wapagazi. Kaka anakufa kwa homa na huzuni. Anafika fundi mmoja wa mashua, Charlie Allnutt, mtu wa kupenda pombe na kuogopa hatari, mwenye mashua mbovu ya moshi iitwayo African Queen. Rose amshurutisha washuke na mto pamoja, wapite maporomoko, wafike ziwani, waipasue manowari kwa mitungi ya chuma iliyojazwa baruti.

Tunakisifu kitabu hiki kwa mambo mawili. Kwanza, Forester ajua kazi. Asomaye ataelewa jinsi ya kuwasha jiko la mashua, jinsi ya kunyosha mhimili uliopinda, jinsi ya kukata mianzi na kupita katika matope. Pili, aonyesha namna moyo wa mtu ugeukavyo kwa taabu. Rose, aliyekuwa mtumishi wa kaka yake kwa miaka mingi bila shauri lake mwenyewe, apata nguvu. Na Charlie, mwoga, apata ushujaa. Wazazi wajue lakini kwamba Rose na Charlie huishi kama mume na mke kabla ya kufunga ndoa, na kwa hiyo kitabu chawafaa vijana wakubwa kuliko watoto wa shule za msingi.

Mwisho wa kitabu wawashangaza wengi. Mashua inazama kwa dhoruba kabla ya kupiga kitu. Rose na Charlie wanakamatwa, kisha mkuu wa manowari, kwa uungwana, awarudisha kwa Waingereza. Manowari inaangamizwa na motaboti mbili zilizoletwa kutoka mbali, na taabu yote ya wale wawili haikuleta ushindi. Wasomaji wengine huchukizwa na mwisho huu. Kwetu sisi ni mwisho wenye hekima, maana katika vita watu wengi hujitoa sana, na wasione tunda la kazi yao.

SINEMA YA HUSTON

Mwaka 1951 John Huston alikigeuza kitabu hicho kuwa sinema. Humphrey Bogart alikuwa Charlie, Katharine Hepburn alikuwa Rose. Bogart alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi yake hiyo. Katika kitabu Charlie ni mtu wa London. Katika sinema amefanywa mtu wa Kanada. Manowari yaitwa Louisa. Na mwisho umegeuzwa kabisa: mkuu wa manowari awahukumu wote wawili kunyongwa, nao wamwomba awafungishe ndoa kwanza, mara Louisa yagonga mashua mbovu iliyozama nusu, baruti yalipuka, manowari yazama. Watu wa sinema walitaka watazamaji warudi nyumbani wenye furaha.

Hapa ndipo mwanafunzi ajifunze kupima. Katika kitabu, manowari yaangamizwa na motaboti. Katika sinema, yaangamizwa na mashua mbovu. Katika historia, Götzen haikuangamizwa na adui yeyote. Wenyewe walioiunda ndio walioizamisha. Majibu matatu kwa swali moja! Mtunzi ana ruhusa ya kubuni, na hatumwiti mwongo. Bali mtazamaji aaminiye kwamba sinema ni historia ajidanganya mwenyewe.

Tena wale wadhanio kwamba wameliona ziwa letu katika sinema hiyo hawakuliona. Huston alipiga picha zake Uganda, huko Butiaba kwenye Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison, na pia katika Kongo, kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, mji ulioitwa Ponthierville siku zile. Picha nyingine zilipigwa ndani ya studio, Uingereza. Wengi wa wafanya kazi wake waliugua tumbo na homa. Katharine Hepburn aliandika habari za safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1987, nacho chachekesha na kufundisha.

Mwandishi mwingine, Peter Viertel, aliyesaidia kuandika maneno ya sinema, alitoa mwaka 1953 kitabu cha hadithi, White Hunter Black Heart, juu ya mkuu wa sinema anayekuja Afrika akiwa na tamaa ya kuua tembo kuliko kufanya kazi iliyomleta. Hicho nacho kilifanywa sinema mwaka 1990 na Clint Eastwood. Katika sinema hiyo, Mwafrika awaongozaye wawindaji, jina lake Kivu, auawa na tembo kwa sababu ya tamaa ya yule bwana. Mkubwa atamani, mdogo alipa. Ni mfano wa kukumbuka tunapoendelea mbele.

VITABU VYA HISTORIA

Apendaye kujua ukweli wa vita vya ziwani asome vitabu viwili vya Kiingereza. Cha kwanza ni The Phantom Flotilla cha Peter Shankland, kilichotoka mwaka 1968. Cha pili ni Mimi and Toutou Go Forth cha Giles Foden, cha mwaka 2004. Foden ana ucheshi mwingi, na Spicer-Simson ampa mengi ya kucheka, maana mkuu huyo alikuwa mtu wa majivuno, mwenye michoro mwilini, aliyetembea Lukuga amevaa sketi.

Foden huyo ndiye aliyetunga pia The Last King of Scotland, mwaka 1998, hadithi ya daktari kijana wa Uskoti aliyekuwa tabibu wa Idi Amin. Sinema yake ilitoka mwaka 2006, na Forest Whitaker, aliyekuwa Amin, akapata tuzo ya Oscar. Watu wengi waliotazama sinema hiyo huuliza yule daktari yuko wapi leo. Hayuko popote, maana ni mtu wa kubuniwa. Amin alikuwa wa kweli, waliouawa walikuwa wa kweli, lakini mtu tunayeonyeshwa mambo yote kwa macho yake hakupata kuzaliwa. Twauliza: Kwa nini ilihitajika mgeni wa kubuni ili mateso ya Waganda yasimuliwe?

Na Götzen je? Hadithi yake haikuisha chini ya maji. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mitambo iliyopakwa mafuta ikaonekana ingali nzima. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Ikabeba abiria, mahindi, samaki na mizigo ya kila namna kwa miaka mingi. Mwaka 1997 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliikodi kurudisha nyumbani maelfu ya Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Mwaka 2015 ikawachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Yawezekana katika jamaa za wasomaji wetu yuko mama aliyepanda manowari ya Wadachi akiwa na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, asijue amepanda chombo ambacho walimwengu hukilipia kiingilio kukitazama kikilipuka. Hayo hayamo katika hadithi ya Forester, wala katika sinema ya Huston. Nasi twasema kwamba ndiyo sehemu kubwa zaidi ya habari za meli ile.

NANI ALIBEBA MIZIGO?

Sasa tumefika kwenye swali letu. Turudi katika milima ya Mitumba, mwaka 1915. Vitabu vyatuambia majina ya maofisa karibu wote, na tabia zao, na nguo zao. Lakini njia ile ilikatwa na nani? Madaraja yalijengwa na nani? Mashine za moshi zilipokosa maji, ni wanawake wa vijiji walioyaleta kwa vyungu vichwani. Bila maji yale mashine zisingepanda mlima, na bila mashine zile Mimi na Toutou zisingeliona ziwa. Basi wanawake wale wana sehemu katika ushindi wa tarehe 26 Desemba. Majina yao hayamo vitabuni.

Ndivyo ilivyokuwa katika vita vile vyote. Serikali ya Kongo iliandikisha wapagazi zaidi ya 200,000. Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu, na hesabu yao wenyewe yakiri kwamba zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na uchovu. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi kilichokaa pale. Watu hununua vitunguu na kanga kila siku mahali penye jina hilo, na wachache wajua asili yake.

Tazameni tena kitabu cha Forester. Katika kurasa za kwanza kijiji kizima chachukuliwa. Je, mwandishi awafuata? La. Wanatoweka, na hadithi yasonga mbele na Wazungu wawili katika mashua. Hatumlaumu Forester kwa kuandika alichokijua. Kila mtu huandika kutoka mlango wa nyumba yake. Ila twasema kwamba watu wale waliochukuliwa walikuwa na hadithi pia, na ya kwao ilipaswa kuandikwa na mtu wa mlango wao.

Ashukuriwe Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Katika kitabu chake Afterlives, cha mwaka 2020, aeleza habari za Hamza, kijana aliyeingia jeshi la Wadachi, na taabu za watu wa pwani wakati wa vita na baada yake. Kitabu chake cha mwaka 1994, Paradise, kimefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, kikatoka mwaka 2022. Humo tunaona msafara wa biashara uendao bara, na mwishoni kivuli cha vita kinakaribia. Peponi chafaa kusomwa kwa sauti jioni, jamaa wote wakisikiliza.

Na mtu asiseme kwamba Kiswahili hakina vitabu vilivyofanywa sinema. Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999, chaeleza Zanzibar ya siku za kupigania uhuru. Mwaka 2021 Amil Shivji alikifanya sinema, na wahusika husema Kiswahili chao wenyewe. Kabla ya hapo, washairi wa pwani walikwisha kuandika vita kwa tenzi: Hemedi bin Abdallah alitunga juu ya Wadachi walivyoitwaa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji. Wazee hao hawakungoja mgeni awasimulie.

FIZI NAYO JE?

Nchi yetu ya Fizi imepita katika vitabu zaidi ya mara moja. Mwezi Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafika Kibamba na Wakuba wachache kuwasaidia waasi wa siku zile. Walijipa majina ya Kiswahili kwa hesabu: mmoja Moja, wa pili Mbili, na Guevara mwenyewe Tatu. Wakaondoka mwezi Novemba mwaka uo huo, mambo yameshindikana. Aliandika kitabu juu ya miezi hiyo, kilichochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, nacho chakiri kushindwa bila kuficha. Steven Soderbergh alitoa mwaka 2008 sinema ndefu ya sehemu mbili juu ya mtu huyo: sehemu ya kwanza ni Kuba, ya pili ni Bolivia. Fizi imerukwa.

Wako wazee wetu waliokuwa vijana mwaka 1965. Wameona mengi, na kitabu cha Guevara hakiwezi kusema kwa niaba yao, maana aliyaona kwa macho ya mgeni wa miezi saba. Wazee hao wanakufa mmoja mmoja, na kila mmoja aondoka na kitabu ambacho hakikuandikwa.

Tena kuna jambo zito kuliko hilo, nasi twalitaja kwa heshima. Siku za mwisho za Desemba 1998 na za kwanza za Januari 1999, watu wengi waliuawa hapa Makobola na katika vijiji jirani. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yataja zaidi ya 800. Katika taarifa hiyo habari za Makobola zimechukua nafasi ndogo tu. Nambari ni ushahidi, na twaishukuru. Lakini nambari haina jina, haina kazi, haina watoto. Marehemu hao walikuwa wavuvi, wakulima, walimu, akina mama, wanafunzi. Watoto waliozaliwa baada ya siku zile sasa ni watu wazima. Ikiwa hawakuandikiwa chochote, watapokea mojawapo ya mambo mawili: kimya, au maneno ya kuchochea kisasi. Yote mawili ni hatari.

Basi twawaomba wasomaji wetu, hasa walimu na wanafunzi wakubwa, waanze kazi. Haihitaji fedha nyingi. Chukua daftari. Mwendee mzee kwa adabu, umwombe ruhusa, umsikilize asiyependa kusema leo, umrudie siku nyingine. Andika jina lake akikubali, na tarehe ya mazungumzo. Tenga aliyoyaona kwa macho na aliyoyasikia kwa wengine. Andika majina ya waliokufa kama jamaa zao wayatamkavyo. Usiwatie watu wa kabila zima katika hatia ya wenye bunduki, maana uovu una watu wake, hauna ukoo. Tumia Kiswahili, au Kibembe, au Kivira, lugha ile ambayo moyo wa msemaji unakaa ndani yake. Kisha fanya nakala, moja ikae nyumbani, nyingine shuleni au parokiani, isije ikaungua yote siku moja.

Mtu asiseme, sisi si waandishi. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, watumishi wa nyumbani waliandika kwa Kiswahili chao cha kazini historia ya mji ule, kwa mkono wa André Yav. Walikuwa wapishi na maboi. Baadaye, mwaka 1990, mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha kitabu chao pamoja na tafsiri, na leo wataalamu wa nchi nyingi wakisoma. Walioosha vyombo wameingia katika historia kwa sababu walishika kalamu.

Someni Forester mjue namna ya kusimulia. Tazameni Huston mfurahi, huku mkijua kilichobuniwa. Someni Shankland na Foden mpate tarehe, na Gurnah mpate moyo. Kisha kila mara ulizeni nani alibeba mizigo, na mkiona jina lake halimo, nanyi mnalijua, liandikeni.